Mkoba wa ngozi wa zamani: Namna ya kuufufua nyumbani bila kuumaliza

KILA unapokaribia msimu wa harusi katika Mji wa Kale wa Mombasa, masanduku hufunguliwa. Kutoka chini ya leso na mabuibui ya sherehe hutolewa mkoba wa ngozi aliokuwa akiubeba bibi, aghalabu mweusi au wa rangi ya kahawa, wenye bizimu ya shaba na harufu nzito ya chumba kilichofungwa. Juu yake pana weupe kama wa unga. Mshono wa pembeni umeachia, ukanda umekakamaa, na bitana imetoboka pale funguo zilipokuwa zikikaa.

Kinachofuata ndicho kinachoimaliza mikoba mingi. Mwenyewe huufuta kwa kitambaa kilichorowa maji ya sabuni ya kufulia, huuanika juani darini, kisha huupaka mafuta ya nazi mpaka ung'ae. Kwa siku tatu mkoba hupendeza. Baada ya mwezi mmoja ngozi imekuwa nyeusi, inanata, na ule weupe umerudi maradufu. Miaka hamsini ya kukaa sandukuni haikuudhuru mkoba huo kama ulivyodhuriwa na juma moja la kuokolewa.

Ngozi ya zamani inaweza kutengenezwa nyumbani, tena kwa vifaa vichache ambavyo fundi wa viatu yeyote anavyo. Lakini kazi yenyewe yataka mambo mawili yaeleweke kwanza: hewa ya kisiwa hiki, na aina ya ngozi iliyo mkononi.

Hewa na ngozi

Ngozi ni mtandao wa nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Nyuzi hizo zingeoza kwa siku chache baada ya mnyama kuchunwa, lau zisingesindikwa. Usindikaji wa kale hutumia tanini, dawa inayotoka katika maganda ya miti. Nchini Kenya mti uliotegemewa zaidi ni muwati, ambao maganda yake yalisindikwa kwa miaka mingi mjini Eldoret. Usindikaji wa pili hutumia chumvi za kromiamu. Huo ulianza kuenea baada ya Augustus Schultz kupewa hataza yake nchini Marekani mwaka 1884, na ndio uliotoa ngozi nyororo ya mikoba mingi ya karne ya 20.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Ngozi ya tanini hunywa maji upesi, hubadilika rangi ikilowa na hujikunja ikipata joto. Ya kromiamu huvumilia zaidi. Njia nyepesi ya kuzitenganisha ni kutazama mahali palipokatwa na pasipopakwa rangi, kwa mfano ndani ya tundu la ukanda. Ngozi ya tanini huwa ya kahawia mpaka katikati. Ya kromiamu mara nyingi huonyesha kijivu au samawati iliyofifia.

Zote mbili hufyonza unyevu wa hewa na kuutoa tena. Mombasa, unyevu wa asubuhi mara nyingi hupita asilimia 80, na wakati wa masika, Aprili na Mei, haupungui sana hata mchana. Kuvu huanza kuota unyevu ukivuka kiasi cha asilimia 65 hadi 70. Maana yake ni kwamba mkoba uliofungiwa kisiwani humu uko hatarini karibu mwaka mzima. Ushauri mwingi unaopatikana vitabuni umeandikwa Ulaya na Marekani, ambako nyumba hupashwa joto wakati wa baridi na ngozi hukauka hadi kupasuka. Huko kulisha ngozi mafuta kulionekana kuwa na maana. Mombasa mambo ni kinyume: ngozi haina kiu, ina maji ya kupita kiasi.

Nyumba zenyewe zinachangia. Kuta za matumbawe na chokaa za Ndia Kuu, Kibokoni na Kuze hunywa maji ya mvua na chumvi ya bahari, kisha huyaachilia taratibu ndani ya vyumba. Kabati lililobanwa kwenye ukuta wa nje huwa na unyevu mwingi kuliko kitanda kilicho hatua mbili tu kutoka hapo. Zidaka zilizochimbwa ukutani, ambazo hupendeza kwa kuwekea vyombo vya kauri, hazifai kabisa kuwa makao ya mkoba.

Ni ngozi ya nini?

Kabla ya kushika sindano, vinyweleo vitazamwe kwa kioo cha kukuzia. Ngozi ya ng'ombe ina vitundu vidogo vilivyosambaa kwa usawa. Ya mbuzi ina vitundu vilivyojipanga kwa mistari ya mawimbi. Ya nguruwe hutambulika kwa vitundu vitatu vitatu, vimekaa kama mafiga.

Hilo la mwisho lina uzito wa pekee katika mji ambao Waislamu wake wengi hufuata madhehebu ya Imam Shafi. Kwa mafunzo ya madhehebu hayo, kusindika hutwaharisha ngozi ya mzoga, isipokuwa ya mbwa na ya nguruwe. Mikoba ya Ulaya iliyoshonwa kwa ngozi ya ng'ombe upande wa nje wakati mwingine hutiwa bitana ya ngozi laini ya nguruwe upande wa ndani, na mnunuzi wa mitumba hatajua asipochungulia. Kuitoa bitana hiyo na kutia ya kitambaa ni kazi ya jioni moja. Kama mkoba wenyewe unafaa kutumiwa baada ya hapo ni swali la kuulizwa mwanachuoni, si fundi.

Ngozi ya bandia nayo ijulikane mapema, kwani juhudi zote juu yake ni bure. Chini ya ganda lake huonekana kitambaa kilichofumwa, si nyuzi zilizosokotana. Ganda la poliyurethani huvunjwavunjwa na unyevu wa hewa kwa badiliko la kikemia ambalo hakuna dawa ya kupaka iwezayo kulirudisha nyuma. Likianza kubambuka, basi. Ndiyo sababu mkoba wa bandia ulionunuliwa mzima kabisa katika soko la Kongowea, ng'ambo ya kisiwa, huweza kuanza kuchunika baada ya masika mawili, ilhali wa ngozi halisi wenye umri mara tatu ya huo unaendelea na safari.

Kisha kuna mamba, chatu na tembo. Kabla serikali ya Kenya haijapiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na biashara ya nyara za wanyamapori mwaka 1978, bidhaa za ngozi za wanyama wa pori ziliuzwa waziwazi katika maduka ya watalii, na baadhi yake zingali masandukuni. Gamba la tumbo la mamba lina kitundu kidogo karibu na ukingo wake. La jamaa yake wa Marekani, aligeta, halina. Chapa ya mamba iliyogongwa juu ya ngozi ya ng'ombe hujifichua yenyewe: sura ile ile hurudiwa kila baada ya sentimita kadhaa, na mifereo kati ya magamba haina kina.

Ikibainika kwamba mkoba ni wa mnyama wa pori kweli, jambo limetoka mikononi mwa fundi. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inakihesabu kitu cha namna hiyo kuwa nyara, na kukiweka, kukiuza au kutengeneza bidhaa kutokana nacho bila kibali ni kosa lenye adhabu nzito. Kwamba ni cha urithi, au kwamba kilinunuliwa dukani wakati wa ruhusa, hakuwi kibali. Pa kuanzia ni ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kabla ya mkoba kupelekwa popote. Familia nyingi za Mombasa zina jamaa Muscat, Dubai na London, na mkoba wa bibi ni zawadi inayopendwa kupelekwa huko. Hata hivyo, mkataba wa kimataifa wa CITES, uliokuwa na nguvu tangu 1975, unasimamia uvukishaji wa mipaka wa ngozi za spishi zilizoorodheshwa, na mkoba usio na hati huenda ukaishia mikononi mwa maofisa wa forodha.

Weupe wa aina tatu

Mkoba wa ng'ombe au mbuzi ndio wa kushughulikiwa nyumbani, na swali la kwanza ni ule weupe. Si kila weupe ni kuvu. Kuvu huwa na manyoya mafupi, hukaa kwa madoa ya mviringo na hunuka. Mafuta yaliyopanda juu kutoka ndani ya ngozi hufanana na nta iliyopanguswa; yakipuliziwa hewa ya uvuguvugu ya mashine ya kukaushia nywele, huyeyuka na kupotea machoni. Chumvi huwa ya punje, hufuata mishono, na huyeyuka ikiguswa na kitambaa chenye maji.

Chumvi ni ugonjwa wa mikoba iliyorushiwa maji ya bahari, kwa mfano kwenye kivuko cha Likoni siku za kusi. Hufutwa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji matamu na kukamuliwa, mara kadhaa, kabla ngozi haijakauka kabisa. Ndiyo kanuni ya wahifadhi wa vitu vya baharini kila mahali. Hata vitu vilivyotolewa katika mabaki ya Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697 na kuanza kuchimbuliwa mwaka 1977, havingesalimika kama chumvi ingeachwa ikauke ndani yake.

Kuvu hutaka subira zaidi. Mkoba utolewe nje ya nyumba, mtu akiwa amefunika pua na mdomo na upepo ukiwa unatoka nyuma yake, kisha upigwe brashi laini ukiwa mkavu. Kuufuta kwa maji kwanza ni kuzisambaza mbegu za kuvu na kuzinywesha. Baada ya hapo ufunguliwe, bitana ivutwe nje, na uning'inizwe kivulini penye upepo siku mbili au tatu, ukiingizwa ndani kabla ya magharibi. Hatimaye ufutwe kwa kitambaa chenye spiriti ya hospitali iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kikamuliwe sana. Dawa hiyo ijaribiwe kwanza chini ya kitako cha mkoba; kitambaa kikitoka na rangi, kazi isimame hapo.

Jua la saa sita si dawa. Huua kuvu iliyo juu, lakini hupausha rangi na kuikunja ngozi ya tanini isiweze kunyooka tena.

Wengine hutegemea udi. Desturi ya kufukiza nguo ni njema na ya siku nyingi, lakini kwa mkoba wenye kuvu moshi hufunika tu: harufu mbaya ikirudi, huja na udi ndani yake. Chetezo kikiwekwa karibu mno, joto lake huikunja ngozi na masizi yake hushika kwenye bitana. Vipande vichache vya mkaa vilivyofungwa katika kitambaa cha pamba, vikaachwa ndani ya mkoba kwa juma moja, huondoa harufu zaidi kuliko fukizo la usiku kucha.

Sabuni, kutu na mafuta ya nazi

Ngozi iliyosindikwa ina asidi kidogo. Sabuni ya mche na ya unga ni alkali, na hiyo ndiyo sababu huiacha ngozi ikiwa kavu na yenye mabaka. Limau na siki hukosea kwa upande wa pili. Matone mawili ya shampuu laini ya watoto katika bakuli la maji yanatosha. Linalotumika ni povu pekee, kwa kitambaa kisichodondosha, na mkoba wote upanguswe kwa mara moja, si doa kwa doa.

Brashi na nyuzi za chuma ziwekwe mbali. Chuma, tanini na maji vikikutana hutoa weusi usiofutika. Ndiyo kanuni ya wino uliotumika kuandikia Ulaya kwa karne nyingi. Baka jeusi linalozunguka bizimu yenye kutu limetokana na hilo, na ni afadhali kuliacha kuliko kulikwangua. Kijani chenye utelezi kwenye shaba ni tofauti: ni shaba iliyoungana na mafuta ya ngozi. Hukwanguliwa kwa kijiti cha mti, kisha bizimu husuguliwa kwa kitambaa kikavu, kipande cha karatasi ngumu kikiwa kimetiwa chini yake ili dawa ya kung'arishia isiguse ngozi.

Kuhusu mafuta ya nazi, lawama si kwamba ni mabaya kwa asili yake. Huganda kwenye joto la chini ya nyuzi 24 hivi, na Mombasa hewa ya mchana haifiki hapo mara nyingi. Kwa hiyo hubaki maji maji ndani ya ngozi, hutambaa hadi kwenye bitana, hukusanya vumbi na kuilisha kuvu. Mkoba huo huo ukipelekwa Nairobi mwezi Julai, huota utando mweupe usiku wa kwanza, na mwenyewe hudhani ni kuvu. Mafuta ya simsim na ya kupikia ni hatari zaidi kwa kuwa huchacha. Makumbusho mengi duniani yameacha desturi ya kupaka ngozi mafuta kila mara, baada ya kuona kwamba hudumu kwa sifa kuliko kwa manufaa. Nyumbani, krimu ya ngozi isiyo na rangi, kiasi cha punje ya kunde, hutosha mkoba mzima kwa mwaka, na ukanda ukikunjika bila kuonyesha nyufa hauhitaji hata hiyo.

Dawa ya viatu nayo iachiwe viatu. Rangi yake haishiki sawasawa, na wa kwanza kujua ni mwenye kanzu nyeupe aliyekaa jirani garini.

Sindano na uzi

Katika Mji wa Kale ufundi wa kushona ngozi kwa mkono si jambo geni. Ndio uliotengeneza makubadhi kwa vizazi vingi. Chombo kikuu ni msharasi, ile sindano nene yenye mpini ya kutobolea. Kwa mkoba wa zamani, kazi ya msharasi ni kusafisha matundu yaliyopo, si kutoboa mapya. Tundu jipya kati ya mawili ya zamani huifanya ngozi ichanike kama stempu.

Uzi uwe wa poliesta au kitani, urefu wake mara nne ya mshono, upitishwe juu ya kipande cha nta mara mbili tatu. Wa pamba huoza katika hewa hii. Sindano butu mbili hufungwa, moja kila ncha, na zote hupita katika kila tundu kutoka pande zinazokabiliana. Mshono wa cherehani hushikwa na nyuzi mbili zinazokutana katikati ya ngozi, hivyo mmoja ukikatika jirani zake huanza kuachia. Huu wa sindano mbili ukikatika mahali pamoja, upande wa pili unabaki umeshika. Mwanzoni unakwenda polepole mno, pengine sentimita kumi kwa saa, na wengi hukata tamaa wakiwa bado nusu.

Mchaniko haushonwi juu kwa juu. Kiraka cha ngozi nyembamba, kingo zake zikiwa zimepunguzwa kwa kisu, hutiwa kwa nyuma na kugandishwa kwa gundi nyeupe ya ngozi au ya mbao. Gundi ya viatu hushika vizuri zaidi, lakini haitoki tena na mvuke wake haufai katika chumba kilichofungwa. Gundi ya kukauka papo hapo huwa kama kioo, na ngozi hupasuka kandokando yake.

Bitana ndiyo sehemu ya kufurahisha. Ile ya zamani ifumuliwe taratibu na itumiwe kuwa kielelezo cha kukatia mpya. Leso ya pamba inafaa sana, mradi iloweshwe na kufuliwa mara mbili ili wanga na rangi iliyolegea vitoke. Leso mpya ikitiwa hivyo hivyo, rangi yake huhamia kwenye noti, kadi na vidole. Wapo wanaoikata kwa hesabu ili jina la leso litokee ndani, pale mkoba unapofunguliwa.

Fremu ya chuma iliyopinda, zipu nzima na kishikio kilichokatika shinani ni kazi za fundi. Aambiwe mapema atumie matundu ya zamani, asipake gundi upande wa nje, na arudishe kila kipande alichokitoa.

Mkoba mmoja tu hauna fundi wala dawa: ule wa ngozi ya tanini, wa mwishoni mwa karne ya 19 au mwanzoni mwa 20, unaoacha unga mwekundu mkononi. Kuoza huko hutokana na asidi ya gesi chafu za hewa. Mwaka 1843 mwanasayansi Michael Faraday alikwisha kukuhusisha na taa za gesi katika klabu moja ya London ambayo viti na vitabu vyake vilikuwa vikimong'onyoka. Maji na mafuta huifanya ngozi hiyo iwe nyeusi na ngumu mara moja. Ufungwe katika kitambaa, utunzwe kama kumbukumbu, usibebwe tena.

Kuuhifadhi

Mkoba uliotengenezwa huwekwa wima, umejazwa karatasi nyeupe zisizochapwa. Gazeti, hata likipendwa namna gani, huacha wino wake kwenye bitana. Ufunikwe kwa foronya au kipande cha shuka ya pamba. Mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku nchini Agosti 28, 2017 ingali imefichwa chini ya magodoro mengi kwa matumizi kama haya, nayo hufungia unyevu ndani hadi ngozi ikaota kuvu kwa majuma machache. Vifuko vya punje za kukaushia vinavyokuja na viatu vipya husaidia ndani ya sanduku linalofunga vizuri, lakini katika kabati lililo wazi hushiba unyevu siku chache tu.

Sanduku lisimame mbali na ukuta wa nje, kiasi cha upana wa kiganja, juu ya vipande viwili vya mbao ili hewa ipite chini. Mkoba utolewe na kufunguliwa mwishoni mwa Mei, mvua za masika zinapopungua, na tena baada ya vuli, mwishoni mwa Novemba. Ukiwa na harufu ya kuvu lakini hauna doa, siku mbili za upepo kivulini zinatosha.